Paka aliyeugua kwa kufuata mwezi: uchambuzi wa kisa kimoja cha Ujiji

Karabai ni paka jike wa rangi ya kijivu ambaye, wakati wa kisa hiki, alikuwa na umri wa miaka minne. Amekaa nyumbani kwetu Ujiji, Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika, tangu alipookotwa akiwa mdogo kiasi cha kulala ndani ya kofia. Jina alipewa na mama yangu kwa sababu ya macho yake, ambayo usiku yaling'aa kama taa za wavuvi wa dagaa zinapotapakaa ziwani. Taa hizo siku hizi nyingi ni za betri au za sola, lakini katika nyumba yetu bado zinaitwa karabai. Naandika kisa chake kwa mpangilio wa tarehe, kutoka kwenye daftari ambalo nilianza kulijaza nikiwa nimechelewa, kwa sababu jibu la ugonjwa wake lilikuwa limejificha ndani ya tarehe zenyewe na mimi, mwalimu wa miaka mingi, nilizitazama bila kuzisoma.

Dalili za kwanza zilionekana karibu na tarehe 9 Septemba 2024. Karabai alikuwa akifika kwenye bakuli lake kila asubuhi kama kawaida, ananusa, anasimama pale kwa muda, kisha anageuka na kwenda kulala chini ya kochi, huku ute wa mate ukining'inia kwenye kidevu. Alitapika mara mbili katika siku tatu. Hakuwa na homa ambayo mkono ungeweza kuigundua, hakuharisha, na tumbo lilikuwa laini. Nilikwenda kwenye duka la dawa za mifugo nikaeleza nilivyoeleza, nikapewa dawa ya minyoo na dawa ya kuua bakteria ya kuchanganya na maji. Kufikia tarehe 17 alikuwa anakula tena, ingawa si kwa hamu yake ya zamani, nami nikahesabu kwamba dawa imefanya kazi yake. Mama hakuhesabu hivyo. Mwezi ulipevuka tarehe 18, na alfajiri ya siku hiyo hiyo ulipatwa kidogo kwenye ukingo. Mama, ambaye huamka mapema kwa ajili ya sala, alirudi ndani akasema kwamba mnyama huyu ugonjwa wake unafuata mwezi. Nilimsikiliza kwa adabu na sikuandika kitu.

Tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, nilimpeleka Karabai akachanjwa, ikiwa ni chanjo yake ya kwanza. Wiki moja baadaye hali ilirudi, na safari hii haikuishia kwenye kukataa chakula. Tarehe 5 Oktoba aliruka kwenda dirishani, mahali anaporuka kila siku ya maisha yake, akakosa na kuanguka kwa ubavu. Siku iliyofuata alitembea kama mlevi, miguu ya nyuma ikichelewa nyuma ya ile ya mbele. Tarehe 7 nikaona jambo ambalo sijawahi kuliona kwa paka yeyote: shingo ililegea na kichwa kikainama mbele hata kidevu kikawa kinagusa kifua, na kila alipojaribu kukiinua kilitetemeka kwa sekunde chache kisha kikaanguka tena. Hakuwa anainamisha kichwa upande mmoja, jambo ambalo baadaye nilielezwa kuwa lina maana yake. Usiku wa Jumatano, tarehe 9, yapata saa tatu, alishikwa na degedege. Binti yangu wa mwisho, mwenye umri wa miaka kumi na moja, alimrukia kumshika kwa huruma, na katika kukakamaa kule meno ya paka yakapita kwenye kidole chake.

Tangu dakika ile swali halikuwa tena la paka peke yake. Mnyama anayetokwa na mate, anayeyumba, anayeshikwa na degedege na ambaye ameng'ata mtu, lazima achukuliwe kuwa huenda ana kichaa cha mbwa mpaka ithibitike vinginevyo, kwa sababu ugonjwa huo ukishaonyesha dalili kwa binadamu karibu hakuna anayepona, ilhali ukizuiwa mapema kwa chanjo huzuilika. Kidole cha mtoto kilioshwa kwa sabuni chini ya maji yanayotiririka kwa dakika kumi na tano, nikiangalia saa, na usiku ule ule tulikwenda hospitali ambako alianzishiwa chanjo. Wapo waliotuambia kwamba tumejisumbua bure kwa kuwa paka alikuwa amechanjwa. Hawakuwa sahihi: chanjo ya kwanza huhitaji takribani wiki nne ndipo mnyama ahesabike kuwa na kinga, naye alikuwa na siku kumi na moja tu, na hata kama angekuwa tayari ameambukizwa kabla ya kuchanjwa, sindano ile isingefuta maambukizi yaliyokwisha kuingia.

Bwana mifugo aliyekuja usiku huo kwa pikipiki alituagiza tumfungie Karabai kwenye chumba cha stoo na kumwangalia kwa siku kumi. Mbwa au paka aliyeng'ata mtu akibaki hai na mzima baada ya siku hizo, inajulikana kwamba mate yake hayakuwa na virusi siku ile. Akifa ndani ya muda huo, alisema, msimzike, nipigieni simu. Kipimo cha uhakika hufanywa kwenye ubongo, na kichwa kingepaswa kufungwa kwenye barafu na kusafirishwa hadi maabara ya mifugo ya kanda iliyopo Tabora. Binti yangu aliyasikia maneno hayo akiwa mlangoni. Alilala kitandani kwangu usiku ule, na sikumwuliza kama alikuwa analia kwa ajili ya kidole au kwa ajili ya kichwa cha paka.

Hapa ninapaswa kueleza jambo ambalo halinipi heshima. Tangu mwezi Julai tulikuwa na ugomvi mdogo na jirani wa upande wa mashariki, kwa sababu Karabai alikuwa amekamata vifaranga wake, kwa hesabu yake saba na kwa hesabu yangu watatu. Ili kuumaliza, tuliamua kumfungia paka ndani mchana na usiku, jambo lililomgharimu uhuru wake wote wa kuwinda. Jirani huyo anafuga pia mbuzi, na huwapulizia dawa ya kupe. Dalili ziliporudi Oktoba, kichwani mwangu kesi ilikuwa imeshasikilizwa na hukumu imeshatolewa: paka amelishwa sumu. Nilikuwa nimejiandaa kwenda kwa mjumbe asubuhi ya tarehe 10, na nilikuwa nimeshamwambia dada yangu kwa simu jina la mtuhumiwa.

Kilichoahirisha safari hiyo ni simu nyingine. Bwana mifugo alikuwa mkweli kwamba ng'ombe na mbuzi ndiyo kazi yake ya kila siku na kwamba paka wa namna hii hajawahi kumwona, akanishauri nitafute daktari wa mifugo wa kushauriana naye. Nikamkumbuka kijana mmoja niliyemfundisha darasa la nne, aliyekwenda kusomea udaktari wa mifugo Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, na sasa anafanya kazi Tabora. Nilimpigia saa moja asubuhi.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, baba. Nina mgonjwa, lakini si mtu."

Aliniacha nieleze mpaka mwisho bila kunikatiza. Alipoanza kuuliza, hakuuliza kuhusu jirani, ambaye nilikuwa nimemtaja mara tatu. Aliniomba niingie chumba chenye giza, nimulike jicho la paka kwa tochi nikiwa mbali na mdomo wake, na nimtumie video. Macho yale yaliyompa jina yalikuwa meusi yote, mboni zimepanuka hadi karibu na ukingo, na mwanga wa tochi ulipoyapiga yalichelewa sana kujibana. Alitazama, akapiga tena.

"Mwalimu, dawa za wadudu za kundi la oganofosfeti kwa kawaida huifanya mboni iwe ndogo kama tundu la sindano. Hizi zimefunguka. Na zile dawa nyingine za kupe, za pairethroidi, ni kweli ni sumu kali kwa paka, lakini humshika ndani ya saa chache, anatetemeka mwili mzima na ngozi yake haitaki kuguswa. Wako ameanza kususia chakula mwezi uliopita, akapata nafuu, akarudi chini ngazi kwa ngazi. Sumu ya panya nayo kwa kawaida ingemtoa damu au ingempausha fizi. Fizi zake zikoje?"

Zilikuwa na rangi ya waridi. Jirani yangu alikuwa ameachiwa huru na mtu aliyeko zaidi ya kilomita 400 kutoka Ujiji, kwa ushahidi ambao ningeweza kuukusanya mwenyewe siku nne mapema kama ningemtazama mnyama badala ya kutazama ukuta wa jirani.

Aliyapitia na mengine. Ugonjwa wa sikio la ndani humfanya paka ayumbe, lakini kichwa hulalia upande mmoja na macho huchezacheza; huyu kichwa kilianguka mbele moja kwa moja. Chanjo ya tarehe 28, ambayo nusu ya mtaa ilikuwa imeshaitia hatiani, isingeweza kusababisha dalili zilizoanza siku kumi na tisa kabla ya sindano. Upungufu wa potasiamu mwilini huweza kuilegeza shingo kwa namna ile ile, na hilo hakuliondoa kwenye orodha, ila alisema huwapata zaidi paka wenye maradhi ya figo na hauelezi mboni zilizopanuka. Kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyeniuliza, si dukani wala mtaani, na ambalo mimi mwenyewe sikuwa nimejiuliza.

"Anakula nini?"

"Dagaa."

"Wa kukaangwa, wa kuchemshwa, au wabichi?"

"Wabichi. Wanatoka Kibirizi kila asubuhi, wabichi kabisa, hata barafu hawajaona." Nilijibu kwa fahari, kama mtu anayeonyesha jinsi anavyomtunza mnyama wake.

"Na nini kingine?"

Hakukuwa na kingine.

Kabla sijaeleza alichokiona kwenye jibu hilo, nieleze tiba, kwa sababu kwa mpangilio wa saa tiba ndiyo iliyotangulia na maelezo yakafuata. Alizungumza na bwana mifugo moja kwa moja, wakakubaliana kipimo kulingana na uzito wa paka, na saa nne asubuhi ya tarehe 10 Karabai alichomwa sindano ya vitamini za kundi B kutoka kwenye chupa iliyonunuliwa kwa ajili ya ng'ombe. Bwana mifugo alivaa glavu nzito na tulimfunika paka kwa gunia, kwa kuwa suala la kichaa lilikuwa bado halijafungwa. Sindano ilirudiwa jioni. Sikutegemea kitu. Saa mbili usiku nilichungulia stoo kupitia dirishani nikamkuta amelala kwa kifua, kichwa kimesimama. Kilitetemeka, lakini kilisimama. Asubuhi ya tarehe 11 alikunywa mchuzi wa maini, na jioni akala maini yenyewe. Degedege haikurudi tena. Sindano ziliendelea kwa siku kadhaa, kisha vidonge vilivyosagwa ndani ya chakula. Tarehe 19 siku kumi zilitimia, na mlango wa stoo ukafunguliwa kwa paka anayetembea, ingawa kwa miguu iliyotanuka kidogo, kama baharia aliyeshuka pwani.

Sasa maelezo. Vitamini B1, ambayo pia huitwa thiamini, ni sehemu ya mtambo ambao mwili hutumia kugeuza chakula kuwa nguvu, na ubongo, ambao hauna subira ya njaa, huwa wa kwanza kuonyesha upungufu wake. Mwili huhifadhi kiasi kidogo tu cha vitamini hii, kwa hiyo akiba huisha ndani ya wiki chache. Paka anaihitaji kwa kiwango kikubwa kuliko mbwa, mara kadhaa zaidi. Dalili za upungufu hufuata ngazi zinazojulikana: kwanza mnyama hususia chakula, hutokwa na mate na hutapika, baadaye huja kuyumba, shingo kuinama kifuani, mboni kupanuka na degedege, asipotibiwa hupoteza fahamu na kufa. Ukiusoma tena mpangilio huo kisha ukarudi kwenye tarehe zangu, utaona kwamba Karabai alizipanda ngazi hizo moja baada ya nyingine bila kuruka hata moja, na mimi nikampa dawa ya minyoo.

Samaki anaingiaje? Katika nyama na hasa matumbo ya samaki wa aina nyingi kuna kimeng'enya kiitwacho thiaminasi, ambacho kazi yake, kwa upande wa mlaji, ni kuivunja thiamini iliyomo kwenye samaki huyo na hata ile iliyomo kwenye chakula kingine kilichomo tumboni kwa wakati huo. Moto hukiharibu kimeng'enya hicho. Samaki aliyechemshwa vizuri hana madhara hayo. Jambo hili lilijulikana kwanza kwa njia ya hasara ya mfugaji mmoja. Katika miaka ya 1930, katika jimbo la Minnesota nchini Marekani, mbweha waliofugwa kwa ajili ya manyoya kwenye shamba la mtu aitwaye Chastek walianza kupooza na kufa baada ya kulishwa samaki wabichi, na ugonjwa huo bado unabeba jina lake. Muongo uliofuata ilionyeshwa kwamba paka nao hupatwa na hali hiyo wakilishwa samaki wabichi, wakiwemo heringi wa baharini. Na dagaa wetu wa Kigoma, wale wa aina mbili ambao wanasayansi huwaita Stolothrissa tanganicae na Limnothrissa miodon, ni ndugu wa heringi. Wametengana na bahari kwa muda mrefu mno, lakini ukoo ni ule ule, na ni ukoo ambao samaki wake wengi wamekutwa na kimeng'enya hicho.

Msomaji wa Kigoma atakuwa ameshanikatiza hapa. Paka wa mwambao huu wamekula dagaa tangu kabla ya reli kufika. Kwa nini wasife wote, na kwa nini Karabai mwenyewe aliishi miaka minne bila tatizo? Swali hili nililiwaza kwa siku nyingi kuliko nilivyowaza jambo lolote jingine katika kisa hiki, na jibu lake halipo kwenye kemia, lipo kwenye kalenda na kwenye mlango wa nyumba yetu.

Mpaka mwezi Mei mwaka ule Karabai alikuwa mla vyote. Alipata mabaki ya dagaa wa kuungwa, ugali uliolowa mchuzi, vichwa vya migebuka vilivyochemshwa, na nje alijikimu kwa panya, mijusi na, kama nilivyokiri, vifaranga. Na panya mzima, na maini yake na moyo wake, ni chakula chenye thiamini ya kutosha. Tarehe 15 Mei 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kwa miezi mitatu ili samaki wapate kuzaliana, kufuatia makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka ziwa hili, yaani Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Dagaa wakaadimika, na wale wa akiba wakawa ghali. Mwezi Julai ukaja ugomvi wa vifaranga, paka akafungiwa ndani, na uwindaji ukaisha. Lakini dagaa hawakuwepo, kwa hiyo alikula tulichokula sisi, maharage, mayai na nyama ya hapa na pale. Ziwa lilifunguliwa tarehe 15 Agosti. Mpwa wangu akapata kibarua cha kupakua na kuanika mwaloni Kibirizi, na kila asubuhi akawa anapitia kwetu na kikopo cha dagaa wabichi, zawadi kwa shangazi na, kwa kuwa walikuwa wengi, kwa paka wa shangazi. Baada ya miezi mitatu ya ukame sote tuliwafurahia. Sisi tuliwapika. Yeye hakupikiwa. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake Karabai alikuwa na chakula cha aina moja tu, kibichi, na hana mlango wa kutokea kwenda kujirekebishia mlo.

Na mwezi? Mvuvi yeyote wa dagaa atakueleza bila kufikiri. Dagaa huvuliwa kwa taa, na taa haina nguvu mbele ya mbalamwezi. Mwezi unapokaribia kupevuka samaki hawakusanyiki kwenye mwanga, na mitumbwi hukaa ufukweni karibu wiki nzima, watu wakishona nyavu. Agosti mwezi ulipevuka tarehe 19, siku nne tu baada ya ziwa kufunguliwa, kwa hiyo uvuvi wenyewe ulishika kasi mwishoni mwa mwezi huo. Zihesabu wiki mbili na siku chache tangu hapo, utafika kwenye dalili za kwanza, 9 Septemba. Mwezi ulipokaribia tarehe 18 Septemba kikopo cha Kibirizi kilikatika, Karabai akapewa mayai na mabaki ya nyama, naye akapata nafuu ambayo niliwapa sifa watengenezaji wa dawa ya minyoo. Giza liliporudi, taa zikawashwa, kikopo kikarudi, na kwa kuwa akiba ya mwili haikuwa imejaa, safari hii alianguka haraka na kwa kishindo. Nilipoziandika tarehe hizi mbili mbili kwenye ukurasa mmoja nilimwita mama nikamwonyesha. Alivaa miwani, akasoma, akanirudishia daftari na kusema kwamba hayo alishayasema.

Kuna kipande kingine cha ushahidi ambacho nakipa uzito mkubwa kuliko ninavyoipa ile nafuu ya haraka. Mtoto wa Karabai, dume aliyezaliwa mwaka 2022, anaishi kwa dada yangu nyumba nne kutoka kwetu. Mpwa yule yule alimpelekea dagaa wale wale, wa kikopo kile kile, kwa wiki zile zile. Hakuugua hata siku moja. Tofauti yake na mama yake ni kwamba yeye hafungiwi: hulala mchana juu ya paa na usiku huzurura, na dada yangu hulalamika kila mara juu ya panya nusu anaowakuta kwenye kizingiti. Kama dagaa wale wangekuwa na sumu, au wamechacha, paka wawili wangeugua.

Hata hivyo sitaki kuuza uhakika ambao sinao. Damu ya Karabai haikupimwa kiwango cha thiamini wala cha potasiamu. Chupa ya ng'ombe ilikuwa na vitamini kadhaa za kundi B kwa pamoja, kwa hiyo kupona kwake, peke yake, hakuthibitishi ni ipi kati yake iliyomponya. Na mchuzi wa maini alioanza kuunywa siku ya pili nao una madini na vitamini vyake. Njia ya kuthibitisha ingekuwa kumrudishia dagaa wabichi kwa wiki tatu na kusubiri, na binti yangu aliposikia nikilisema hilo kwa sauti, kama mfano tu, hakunisemesha mpaka kesho yake. Daktari wa Tabora anasema kwamba hata kwenye hospitali kubwa za wanyama utambuzi wa ugonjwa huu mara nyingi huegemea mambo matatu: alichokula mnyama, jinsi anavyoonekana, na jinsi anavyoitikia sindano ndani ya siku moja hivi. Yote matatu tulikuwa nayo. Kwangu mimi la nne, yule paka wa juu ya paa, linatosha kuufunga mjadala kwa kiwango ambacho kisa kimoja cha nyumbani kinaweza kufungwa.

Nadhani inafaa pia niseme ni kwa kiasi gani tulikaribia kumuua kwa mikono yetu kwa njia nyingine. Tarehe 7 Oktoba, kabla ya degedege, mtu wa nyumbani aliyedhani kwamba shingo inauma alikuwa tayari amekata kidonge cha parasetamoli vipande viwili. Ini la paka haliwezi kuisafisha dawa hiyo kama linavyofanya la binadamu, na kidonge kimoja cha kawaida cha miligramu 500 kinatosha kumuua. Kilichomwokoa ni kwamba mama alikitaka kile kipande kwa ajili ya kichwa chake mwenyewe.

Siku hizi dagaa wa Karabai huchemshwa, dakika chache baada ya maji kutokota, na si chakula chake cha kila siku; hupokezana na mayai ya kuchemsha, nyama na maini kidogo mara moja au mbili kwa wiki, kidogo kwa sababu maini mengi nayo yana ugonjwa wake, wa vitamini A kuzidi. Kuhusu kufungiwa, nilikwenda kwa jirani, si kwa mjumbe. Sikumweleza yote niliyokuwa nimeyawaza juu yake. Nilimweleza kwamba paka anahitaji kutoka, na kwamba nitalipia wavu wa banda la vifaranga. Aliuliza hali ya mtoto na kidole chake kabla hajauliza bei ya wavu. Tuliufunga Jumamosi, mafundi wawili na yeye mwenyewe akishikilia misumari, na jioni ile nikauacha mlango wa nyuma wazi.

Karabai bado hukosea dirisha. Hujipanga, hupima, huruka, na mara moja katika kila mara nne au tano miguu ya nyuma hufika ikiwa imechelewa na hubaki akining'inia kwa kucha za mbele. Daktari anasema huenda sehemu ndogo ya ubongo haikurudi kama zamani. Tumeweka kigoda chini ya dirisha.